Mwanafunzi asiyeona kapata laptopu ila notsi zangu hazisomeki, nifanyeje?

mwl_bailojia
Habarini wadau, naombeni msaada. Nafundisha bailojia sekondari na darasani kwangu yupo binti asiyeona kabisa. Juzi juzi kapatiwa laptopu yenye NVDA, ile programu inayosoma kwa sauti vilivyopo kwenye skrini, na kaishika haraka tu, anachapa bila shida. Kasheshe ni notsi. Nikimtumia PDF ile ile ninayowatumia wenzake, programu inakaa kimya au inasema ukurasa mtupu, wakati mimi naona maandishi yamejaa. Halafu akivaa hedifoni hanisikii, akizivua mi naandika ubaoni ambako haoni, basi anaishia kumsubiri jirani yake amnong'oneze. Na kuna mwalimu mwenzangu anasema sasa hivi nukta nundu (Braille, maandishi ya kusoma kwa vidole) hazina kazi tena aachane nazo. Inaniuma maana huyu binti anaelewa na anapenda kusoma. Nianzie wapi?

sioni_nasoma
Pole na kazi mwalimu. Mimi sioni tangu utotoni na hapa naandika kwa NVDA hiyo hiyo. Hiyo PDF yako bila shaka ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha au kuskaniwa. Wewe unaona maneno, kompyuta yenyewe ina picha tu. Jaribu hivi, fungua faili ujaribu kuchagua neno moja kwa mausi, likigoma kuchagulika basi na NVDA haina cha kusoma hapo. Kuna njia ya dharura, akibonyeza kitufe cha NVDA (wengi wetu tunatumia Insert) pamoja na R, kwenye Windows 10 na kuendelea programu inajaribu kutambua maandishi yaliyo ndani ya picha, ila majedwali inayavuruga na istilahi za bailojia zinatoka herufi zimepotea, kwa hiyo usitegemee hiyo kufundishia. Dawa ni kuchapa notsi kwenye Word.

Na ukichapa, vichwa vya mada usivikoleze wino tu, tumia mitindo ya Word yenyewe iliyoandikwa Heading 1, Heading 2. Hapo yeye akibonyeza Insert na spesi halafu H anaruka kichwa hadi kichwa, vinginevyo akitaka kurudi kwenye kitu cha katikati inabidi asikilize mstari kwa mstari tangu juu, na hiyo inachosha mno niamini.

Kitu kingine watu hawakigundui, mwulize hiyo sauti inasoma kwa lugha gani! Kama imewekwa ya Kiingereza na notsi ni za Kiswahili, maneno yanatamkwa hovyo mpaka mtoto anaonekana haelewi kumbe hasikii neno. NVDA inakuja na eSpeak, yaani sauti yake ya kusomea, na Kiswahili kimo, abonyeze Insert, Control na S achague eSpeak, kisha kwenye mipangilio ya sauti achague Kiswahili. Inaongea kama roboti lakini sikio linazoea. Hedifoni avae sikio moja tu, lingine liwe lako.

Programu ni ya bure, ilianzishwa 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, na unaweza kuiweka kwenye flashi akaitumia kwenye kompyuta yoyote ya Windows ya shule bila kuisakinisha.

elimu_maalumu
Naongezea la nukta nundu kwa sababu hili linaharibu watoto wengi. Anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje, atasikia istilahi mwaka mzima na siku ya mtihani akaikosea herufi. Na hesabu ndo usiseme, equesheni ndefu ukiisikia mara moja inapotea kichwani, kwenye nukta vidole vinarudi nyuma vyenyewe. Laptopu na nukta nundu viende pamoja. Huyo mwenzako mwonyeshe Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 24 kinataka nchi ziwezeshe watu kujifunza Braille, hakisemi kompyuta ikija iachwe.

Darasani kwako fanya mambo mawili tu kwanza. Notsi azipate kabla ya kipindi, hata jana yake, ili kipindini awe anakusikiliza wewe. Na kila unachoandika ubaoni kiseme kwa mdomo. "Hii inaingia hapa halafu inatokea huku" kwake ni sawa na hujasema kitu.

mama_wa_wawili
Mwanangu yeye ni wa usikivu hafifu, nimesoma hapo kwa "sema kwa mdomo" nikaona niongeze, kama unaye na wa aina hii usiseme huku umeugeukia ubao. Kifaa chake cha sikioni kinakuza kila kitu, viti vikiburuzwa navyo vinakuzwa, kilichomsaidia sana ni maiki ndogo anayovaa mwalimu inayopeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa. Ila mwalimu akitoka nje aizime jamani, mtoto anasikia maongezi ya ofisini.

mwl_bailojia
Asanteni sana. Nimejaribu, kweli neno halichaguliki. Nimeanza kuchapa mada ya moyo. Sasa ule mchoro wa moyo naufanyaje?

elimu_maalumu
Uchore kwenye karatasi ngumu, mistari uifuate kwa gundi na uzi, mishipa mikubwa uzi mnene. Punguza vitu, mchoro wa kitabuni una mambo mengi mno kwa vidole. Majina usiyajaze humo, weka herufi moja moja ya nukta nundu na ufunguo wake karatasi ya pembeni. Kwenye notsi andika safari ya damu kwa mpangilio, inaingia upande wa kulia, inasukumwa mapafuni, inarudi kushoto, ndo inasukumwa mwilini. Na kabla hajaugusa mwambie kabisa kwamba upande wa kulia wa moyo ataukuta mkono wake wa kushoto, maana mchoro ni kama mtu aliyemgeukia. Wanaoona wenyewe hapo huchanganyikiwa.