Mgonjwa aliyevuja damu ubongoni: je, tumpoze kwa barafu?

Binti wa Chamwino: Habari za jioni, ndugu zangu. Baba yangu mdogo, mwenye miaka 61, alianguka wiki iliyopita akipogoa mizabibu, na kipimo cha CT kikaonyesha kuwa mshipa umepasuka na damu imevujia ndani ya ubongo. Yuko wodini hapa Dodoma, na jana usiku joto lake lilifika nyuzi 38.9. Shemeji amesoma kwamba wagonjwa kama huyu hupozwa hadi nyuzi 33, hivyo amekuja na ndoo ya barafu. Je, ni sahihi?

Muuguzi wa zamu: Pole sana, dada. Mwambie shemeji aiweke chini hiyo ndoo. Kushusha homa ni jambo moja, na kuupoza mwili chini ya kiwango chake cha kawaida ni jambo jingine kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwahusu wagonjwa 1,001 waliopasuliwa ili kuziba mshipa uliovimba na kupasuka ubongoni, na waliopozwa hadi nyuzi 33 wakati wa upasuaji hawakupona vizuri kuliko wenzao. Tena mwili ukiwa baridi mno damu huganda kwa shida, mgonjwa hutetemeka na kutumia oksijeni nyingi, na anapopashwa joto upya, hasa kwa haraka, shinikizo ndani ya fuvu linaweza kupanda. Homa yenyewe isiachwe: waulizeni wauguzi kuhusu parasetamoli, na daktari atafute chanzo chake, kwa kuwa mgonjwa anayemeza kwa shida hupata nimonia upesi.

Mjukuu wa Kondoa: Nadhani shemeji amechanganya na watoto wachanga waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, ambao hupozwa kwa saa 72 chini ya uangalizi mkali.

Muuguzi wa zamu: Huenda. Kwa mtu mzima aliyevuja damu ubongoni, utafiti wa mwaka 2023 wenye wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10 ulionyesha nafuu pale namba ya juu ya shinikizo la damu iliposhushwa mapema chini ya 140, sukari ikadhibitiwa na joto likazuiwa lisizidi nyuzi 37.5, yote kwa pamoja. Je, presha yake inasomaje?

Binti wa Chamwino: Asubuhi ilikuwa 172 kwa 98. Baada ya dawa ya homa na khanga mbichi kifuani, joto limeshuka hadi 37.6. Ninakwenda kumuuliza daktari kuhusu presha sasa hivi.