MREJESHO: Ekzosi mpya iliyokuwa inalia kama debe

Wakuu, ni mimi niliyeomba ushauri hapa kuhusu sauti ya pikipiki yangu ya silinda moja, cc 150. Nilifunga ekzosi ya kununua nikiota mngurumo wa silinda nne, ikawa inalia kama debe tupu, na kila nikiachia mafuta inapiga pa! pa!

Aliyesema nianze na gasketi (ile pete ya kuziba maungio ya bomba na injini), Mungu ambariki. Nilipaka maji ya sabuni pale bomba linapoungana na injini, nikawasha ikiwa bado baridi. Mapovu yakachemka upande wa chini. Gasketi ya zamani ilishabanwa mpaka ikawa bapa, nami kwa ubahili wangu nilikuwa nimeirudisha hiyohiyo. Kuweka mpya tu, milio ikapungua sana.

Iliyobaki ilitokana na kabureta. Plagi ilikuwa nyeupe, yaani hewa inazidi mafuta. Nikapandisha jeti kuu (kijitundu cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta) saizi moja. Sasa plagi ina rangi ya kahawia.

Ushauri wa kung'oa kizibo cha ndani ya ekzosi, kile cha kupunguza sauti, niliujaribu pia, samahani, sirudii. Kelele tupu, na nguvu ya kuondokea ikapungua. Nikakirudisha, kisha nikashindilia upya sufi ya kioo (nyuzi za kufyonza sauti ndani ya ekzosi), maana ya mwanzo haikujaa hata nusu. Vaeni glavu, inawasha balaa! Hapo ndipo sauti ikawa nzito.

Ule mngurumo wa silinda nne niliouota sijaupata, na mlinionya. Pia mwendo ukipanda kuna kitu bado kinatetema. Nashuku kishikio cha ekzosi.

Asanteni sana.