Viza ya Schengen: nimenyimwa kwa sababu usiku mmoja nalala kwenye treni

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa nimefura, mtanivumilia.

Safari yangu ilikuwa ya usiku 12, nchi tatu. Majina yake nayaweka kapuni. Usiku 4 nchi ya kwanza, napanda treni ya usiku, usiku 5 nchi ya pili, naishia na usiku 2 nchi ya tatu. Kanuni ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inasema unapeleka ombi kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na siku zikilingana unapeleka kwa ile utakayoingia kwanza. Mimi yangu ni ya pili, haina utata. Nikaomba huko huko.

Kwanza miadi. Kanuni inakuruhusu kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, lakini ukifungua kalenda yao siku zote zimepigwa kijivu. Miezi miwili nimekesha nabonyeza. Nafasi inatokea, ukijaza jina tu, imeshachukuliwa. Halafu kishoka anakutumia ujumbe: nafasi zipo, lete hela. Anazitoa wapi? Sikumpa. Nikaja kupata ya kwangu zikiwa zimebaki siku 19 niruke.

Sasa dirishani. Dada wa watu akapokea kila kitu: taarifa za benki, barua ya kazini, bima ya euro 30,000 kama wanavyotaka. Alipofika kwenye ratiba akatoa kalamu, akaanza kuhesabu usiku mmoja mmoja huku midomo inacheza. Kalamu ikasimama.

"Tarehe 9 unalala wapi?"

"Kwenye treni. Tiketi ni hiyo hapo, ina namba ya kitanda."

"Treni siyo hoteli."

Nikamwambia najua treni siyo hoteli! Akaandika kitu pembeni ya orodha yake, akachukua alama za vidole, akanionyesha mlango.

Siku 17 baadaye, kesho kutwa ndiyo naruka, pasi ikarudi na karatasi yenye visanduku. Tiki moja: maelezo ya madhumuni na mazingira ya ukaaji wangu si ya kuaminika. Hakuna mstari hata mmoja wa kusema ni maelezo yapi. Mimi najua ni tarehe 9, maana ndiyo kitu pekee nilichoulizwa. (Muda wa kawaida ni siku 15, ila wanaweza kuvuta hadi 45, kwa hiyo hata kuchelewa huwezi kuwashika.)

Kinachoniuma ni hiki. Nchi 29 zimekaa zikakubaliana kwamba viza ni moja na ukaguzi wa kawaida wa pasi mipakani hakuna, ili mtu atembee. Halafu mtu akisema anatembea, wanashangaa! Wanataka usiku wako wote uwe umefungwa kwenye kitanda kisichosogea.

Hela imekwenda. Ada ni euro 90, ilipanda kutoka 80 mwezi Juni 2024, na hairudi. Ongeza ada ya kituo cha kupokelea maombi, ambayo yenyewe inaweza kufika nusu ya hiyo. Tiketi ya ndege nayo ilikuwa ya bei rahisi, zile zisizorudishwa. Rufaa ipo, ndiyo, ila inafuata sheria za nchi iliyokunyima, na ndege hainisubiri.

Na tafadhali, asije mtu kuniambia ningebuku hoteli ya geresha tarehe 9 kisha niifute. Kila niliyemsimulia ananipa ushauri huo huo, na nina hakika ningepita. Yaani aliyedanganya anapata viza, mwenye namba ya kitanda cha treni ndiye asiyeaminika.

Naomba kwa aliyewahi kupita akiwa na usiku wa treni au wa basi kwenye ratiba: uliandikaje pale mahali pa malazi? Nataka kuomba tena, na treni siiondoi.