Tupeane uzoefu: udongo na mteremko vinavyopanga mimea kwenye nyanda kame

Kichanga: Kuna aliyeuliza kwa nini miti imejaa kwenye mchanga wa mwinukoni na bonde jeusi la mfinyanzi lina nyasi tupu, mvua ikiwa ileile. Milimita 10 za mvua huzama kama sentimita 10 kwenye udongo wa kichanga ulio mkavu. Kwenye mfinyanzi ni 3 au 4 tu. Maji ya juujuu huliwa na jua, yaliyozama huikuta mizizi ya miti.

Jembe: Hapana. Mfinyanzi ndio unaoshika maji.

Kichanga: Huyashika mno, mengine mmea hauwezi kuyanyonya. Halafu ukikauka hupasuka na kukata mizizi michanga, ukilowa mizizi hukosa hewa. Zinabaki nyasi na migunga michache.

Jembe: Basi sema ni kwenye ukame. Kwenye mvua nyingi mfinyanzi hushinda.

Kichanga: Hapo sawa.

Bondeni: Msiruke mteremko. Maji hushusha chembe laini, kilele kinabaki na changarawe na udongo mwembamba. Mfuatano huo wa udongo toka kileleni hadi bondeni, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne aliuita katena mwaka 1935, akifanya kazi Tanganyika.

Magadi: Pabaya kuliko pote ni chini ya mteremko, kabla ya kufika bondeni. Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, hushuka na maji na kurundikana pale. Chembe za mfinyanzi huachana, huziba vitundu, juu linabaki gamba gumu. Mvua inanyesha, maji yanateleza, sentimita chache chini pakavu kabisa. Watu hupanda miche, inakufa, wanalaumu mbegu! Pimeni kwanza: bonge kavu la udongo, la ukubwa wa punje ya mahindi, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Baada ya saa 2 kukiwa na wingu la maziwa kulizunguka, ni sodiamu. Maji ya kisima chenye chumvi yatakudanganya.

Nyasi_Ndefu: Kweli tupu. Gamba hilo ni adui.

Jembe: Mwageni jasi, madini yenye kalsiamu; kalsiamu itaifukuza sodiamu.

Bondeni: Bila maji ya kuisukuma sodiamu chini, jasi ni hasara. Zungushieni uzio mifugo isikanyage, tandazeni matawi ya miiba yanase mbegu na takataka.

Jembe: Uzio peke yake utasubiri hadi wajukuu wazeeke.

Nyasi_Ndefu: Na vichuguu msivisawazishe. Mchwa hupandisha udongo laini wenye rutuba; kwenye udongo wa kichanga, juu ya vichuguu ndipo vichaka hushika kwanza.