Kiwanja cha shule mlimani: katapila, ngazi au nguzo?

mjumbe_mlalo: Wakuu habari, huku kwetu Lushoto kijiji kimepata eneo la shule ya msingi ila ni mlima, kila ukishuka mita 7 ardhi nayo imeshuka kama mita 1. Kamati ina makundi matatu, wa katapila pawe tambarare, wa madarasa yashuke kwa ngazi kama mashamba yetu, na kijana mmoja katoka Dar anataka jengo liinuliwe juu ya nguzo. Mnaonaje?

fundi_soni: Katapila usithubutu mkuu. Unakata juu kifusi unamwaga chini, nusu ya jengo imekaa kwenye ardhi ngumu nusu kwenye udongo wa juzi, masika moja tu ufa unatoka dirishani unashuka mpaka kwenye jamvi (zege la chini ya sakafu), kidole kinaingia. Labda mshindilie tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hivi, sasa nani atasimamia?

dada_mchoraji: Ngazi, ila jengo lilazwe kufuata kontua, yaani likatishe mlima kwenye usawa mmoja. Darasa upana mita 7, likilala hivyo tofauti ni mita 1, unakata nusu mita unajaza nusu mita, kazi ya majembe hiyo. Ukiligeuza lishuke na mlima, bloku ya madarasa yaliyoungana ya mita 21 inadai msingi wa mita 3 upande wa chini, mawe na saruji yote inaishia ardhini.

mtoto_wa_raskazone: Nguzo mbona safi? Maji yanapita chini, mlima hauguswi

fundi_soni: Wewe uko Tanga mjini kaka. Nondo na saruji kupandisha kutoka Mombo huko chini ya mlima bei unaijua?

mwl_mstaafu: Mmesahau mvua wanangu. Kabla ya msingi chimbeni mfereji upande wa juu, maji yazungushwe pembeni. Ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji, usipoacha udongo ukilowa unausukuma wote. Kingo pandeni majani ya guatemala, yashike udongo.

mama_z: Na mtoto wa kiti cha magurudumu kwenye hizo ngazi??

dada_mchoraji: Swali zuri mama. Njia yake ni 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 unahitaji mita 12 za njia, inakula eneo kweli, tusifichane. Mimi ningeweka ofisi, darasa la awali na choo chake usawa mmoja na barabara.

mjumbe_mlalo: Nimewaelewa, napeleka kontua. Na uwanja wa mpira je?

fundi_soni: Hapo sasa ndo uite katapila 😂 uwanja ukititia haumwangukii mtu