Ripoti ya CAG ijadiliwe kabla bajeti mpya haijapita, au isubiri Novemba?

Wa Uyole (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila mwaka linaibuka Aprili, linatikisa wiki mbili, kisha linapotea.

Kwa ambao hawafuatilii, utaratibu uko hivi. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, anakagua, na mwisho wa Machi anamkabidhi Rais ripoti. Ibara ya 143 ya Katiba inataka ripoti hiyo iwekwe mezani katika kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata, kabla hazijapita siku saba tangu kikao kianze. Hapo ni Aprili, na mkutano wa bajeti ndio umeanza. Wabunge wote wanayo. Lakini hawaijadili. Inakwenda kwenye kamati, yaani PAC kwa serikali kuu, LAAC kwa halmashauri na PIC kwa mitaji ya umma, kisha mjadala wenyewe unakuja Novemba. Katikati hapo, mwezi Juni, Bunge hilo hilo linapitisha fedha mpya kwa wizara zile zile na halmashauri zile zile zilizoandikwa kwenye ripoti.

Chukueni ripoti ya mwaka 2021/22. Ilitoka Aprili 2023, wabunge wakapandisha hasira wakitaka ijadiliwe siku hizo hizo, wakaambiwa wasubiri kamati zifanye kazi yake. Mjadala ukafika Novemba 2023. Kwa hiyo fedha iliyoliwa Julai 2021 imejadiliwa bungeni baada ya miaka miwili na miezi minne. Aliyeila keshahamishiwa mkoa mwingine, au keshastaafu na mafao kalipwa.

Msimamo wangu ni kwamba mjadala wa CAG utangulie, bajeti ifuate. Huwezi kumwongezea mtu fedha wakati maelezo ya zile za kwanza hujayasikia.

Na sisemi haya kwa kusoma magazeti tu. Mimi nanunua viazi Isyonje na Umalila, napakia kwenda Dar. Kuna siku unafika geti la ushuru, mashine ya POS, ile ya kielektroniki ya kukusanyia ushuru, ipo mezani, imezimwa. Kijana anakwambia "mtandao hakuna", anahesabu magunia kwa macho, anapokea hela, anaandika kwenye daftari la mistari na kukukatia kipande cha karatasi. Gari la nyuma yako hivyo hivyo. Halafu unafungua ripoti ya CAG unakuta sura nzima ya mapato ya halmashauri yaliyokusanywa kwa POS na hayakufika benki, na mashine zilizokaa nje ya mtandao muda mrefu bila maelezo. Hoja hiyo imejirudia miaka mingi. Mkulima wa Umalila anayakuta makato hayo kwenye bei ya gunia lake, kwa sababu na mimi siwezi kulipa ushuru halafu nisimpunguzie.

Karibuni.

Wa Mafinga

Kamwene, mkuu. Nimekuwa idara ya fedha ya halmashauri kwa miaka mingi, sasa nimepumzika, kwa hiyo nitaeleza upande ambao wengi hawauoni.

Hoja ya ukaguzi si hukumu. Mkaguzi anaomba hati ya malipo, haipo kwenye jalada lake, anaandika "malipo yasiyo na viambatisho". Baada ya mwezi hati inapatikana kwenye jalada la manunuzi, inapelekwa, inahakikiwa, hoja inafungwa. Nimeshuhudia mamilioni mengi "yaliyopotea" yakifungwa kwa karatasi iliyokuwa kabati la pili. Sasa mkizitaja bungeni Aprili hiyo hiyo, mbunge anasimama anataja mkurugenzi kwa jina, nchi nzima inasikia, na hoja ikifungwa Julai hakuna anayerudi kumsafisha.

Pili, halmashauri ziko 184. LAAC haiwezi kuwaita maafisa masuuli wote, yaani wakurugenzi wanaowajibika kwa fedha, wakaja Dodoma na mafaili yao kati ya Aprili na Juni, na wajumbe wale wale wanatakiwa pia kwenye ukumbi wa bajeti. Huku chini nako hatujakaa bure, kuna baraza maalumu la madiwani la kujadili hoja za CAG, Mkuu wa Mkoa anakuwepo, na watu wanabanwa kweli.

Novemba ni mbali, lakini ni muda wa haki.

Wa Uyole (mleta mada)

Asante kaka wa Mafinga, umeeleza kama mtu wa kazi. Nakujibu kwa mawili.

La kwanza ni huo muda. Ripoti haitoki Aprili ikiwa mbichi. Mkaguzi ameshakaa na menejimenti, ameshawapa hoja kwa maandishi, wameshajibu, na majibu yao yamo humo humo ndani ya ripoti. Hiyo hati ya kabati la pili ilikuwa na miezi ya kutafutwa kabla ya Machi. Na Bunge likitaka, linaweza kwenda kasi. Kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe aliyekuwa mbunge wetu wa Kyela, iliundwa Novemba 2007. Februari 2008 ripoti ikasomwa na Waziri Mkuu akajiuzulu. Kama miezi mitatu hivi. Mtanisahihisha kwamba huo ulikuwa mkataba mmoja na CAG ana taasisi mamia. Sawa. Ndiyo maana sidai kila hoja ijadiliwe. Nadai zile zilizojirudia, ambazo mkaguzi mwenyewe ameandika kwamba alizitoa mwaka juzi na mwaka jana na hazijafanyiwa kazi. Kwa hizo, nani bado anatafuta viambatisho?

La pili ni haki. Aprili 2023 hiyo hiyo, baada ya ripoti kutoka, serikali ilisimamisha mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake nne, vijana nne na wenye ulemavu mbili. Kasoro zilikuwa kubwa, ni kweli, vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Lakini uamuzi huo haukusubiri Novemba. Akina mama wa hapa Uyole waliokuwa wakirejesha vizuri wakakaa bila mkopo mpaka mwaka uliofuata. Kwa nini adhabu ya mwananchi inakuja Aprili, na maelezo ya afisa masuuli yanasubiri miezi saba?

Wa Ludewa

Naunga mkono hoja, na naomba nimkumbuke mtu mmoja.

Novemba 2014, sakata la Escrow ya Tegeta, fedha za umeme zilizochotwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu. Fedha zilizotajwa zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwenyekiti wa PAC alikuwa Zitto Kabwe wa upinzani, makamu wake Deo Filikunjombe, mbunge wetu hapa Ludewa, wa chama tawala. Kanuni ilitaka kamati hiyo iongozwe na upinzani, lakini kilichoipa nguvu siku ile ni huyu wa CCM aliyesimama kusoma taarifa dhidi ya mawaziri wa chama chake bila kumung'unya maneno. Kwenye kiti alikuwa Spika Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini. Bunge likafikia maazimio, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akaondolewa Desemba na mwingine akajiuzulu Januari. Deo alifariki kwa ajali ya helikopta Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi, na huku kwetu bado watu wakiongelea mbunge wanamtaja yeye.

Jambo ambalo mleta mada hujaligusa ni kuona. Escrow tuliiona. Hapa mjini watu walisimama mbele ya duka lenye televisheni mpaka usiku, mwenye duka akaacha kufunga. Januari 2016 serikali ikatangaza televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena Bunge moja kwa moja, sababu ikiwa gharama. Mjadala uwe Juni, uwe Novemba, kama wananchi hawauoni ukiendelea, mbunge anaweza kukaa kimya miaka mitano na jimboni asiulizwe. Kwangu hilo linatangulia hata tarehe.

Wa Tukuyu

Ndaga kwa mjadala. Mimi ni mwalimu, nitasema kidogo tu.

Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Tunapaswa kubandika ukutani tulichopokea na tulichotumia. Nimefundisha shule ambako karatasi hiyo ilibandikwa kila robo mwaka, na nyingine ambako ubao wa matangazo ulikuwa na ratiba ya mitihani peke yake. Tofauti haikuwa mwalimu mkuu. Ile ya kwanza kulikuwa na wazazi wawili watatu, akina mama, ambao kwenye kikao hawakubali agenda ya michango ianze kabla ya mapato na matumizi kusomwa. Walikuwa wanasema hivyo tu, "Tusomee kwanza", na wanakaa.

Hicho ndicho mnachotaka Bunge lifanye. Naunga mkono. Lakini mkutano mkuu wa kijiji nao unatakiwa kila miezi mitatu kusomewa mapato na matumizi. Waliomo humu, mara ya mwisho mlihudhuria lini?

Wa Vwawa

Ndugu zangu, mnajenga ghorofa hewani. Ibara ya 90 ya Katiba inasema Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mbunge gani atakubali kurudi jimboni kuomba kura upya kwa sababu ya POS za halmashauri? Na tangu 2020 upinzani bungeni ni wa kuhesabu kwa vidole.

Tena tusisahau mwaka 2019. Profesa Mussa Assad, akiwa CAG, alikuwa amesema Bunge kutofanyia kazi ripoti zake ni udhaifu. Akaitwa kuhojiwa, na Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba hakuongezewa kipindi. Chombo kilichomfanyia hivyo mkaguzi ndicho mnakiomba kiwe na haraka ya kujadili ripoti yake? Tarehe si tatizo.

Wa Uyole (mleta mada)

Kaka wa Vwawa, uchungu wako naujua, na hilo la Profesa Assad lilikuwa baya, sitalitetea. Ila kuhusu Ibara ya 90, hakuna aliyesema bajeti nzima ikataliwe. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi linapitisha fungu kwa fungu, na hapo mbunge ana haki ya kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kulizuia fungu lake, mpaka apate maelezo. Wameshika kwa ajili ya barabara, kwa ajili ya maji, kwa ajili ya bei ya mbolea. Kushika shilingi hakuvunji Bunge. Ninachotaka ni kwamba mbunge wa Mbeya, wa Songwe, wa Iringa, wa Njombe ashike akiwa na ukurasa wa CAG mkononi, na kamati ya hesabu iwe imeshasema kwa maandishi fungu hilo lina hoja zipi zilizojirudia. Leo anayeshika anategemea kumbukumbu yake mwenyewe.

Na Ibara ya 63 haijaandika kwamba Bunge linaisindikiza Serikali. Imeandika kuisimamia na kuishauri, kwa niaba ya wananchi. Wakiwa wa chama kimoja au vitano, kazi ni hiyo. Filikunjombe alikuwa wa chama tawala.

Mwalimu wa Tukuyu, hilo swali lako nalibeba. Mtaani kwangu mkutano wa mapato na matumizi uliopita niliuhudhuria, tulikuwa wachache.

Wa Ludewa, kuhusu matangazo nipo na wewe asilimia mia, na yaende mpaka kwenye vikao vya LAAC vinavyowahoji wakurugenzi, siyo ukumbini tu.

Wa Mafinga

Narudi mara moja. Kwa hoja zilizojirudia, nakubaliana nawe. Hoja ikifika mwaka wa tatu bila jibu, huyo afisa hana cha kutafuta kabatini. Kamati itoe orodha hiyo mapema Juni, kabla ya fungu husika kufika mezani.

Lakini kwa hoja mpya za mwaka huo sibadiliki, zibaki Novemba. Na vikao vya kuwahoji wakurugenzi kurushwa hewani sikubali, kwa sababu ile ile: anahojiwa mtu ambaye kesho anaweza kuonekana hana kosa. Taarifa ya kamati ikishakamilika, hiyo isomwe hadharani neno kwa neno. Ndugu wa Ludewa, hapo tuambie, huyo ambaye hoja yake itafungwa baadaye, mtamsafisha kwa televisheni ipi?