Mrejesho: stori yangu ya viumbe wa anga za mbali

Wakuu, niliwauliza ninyi: viumbe wa anga za mbali wa stori yangu ya kuchekesha waje duniani kwa sababu gani, maana kuvamia kumeshazoeleka. Mmoja wenu akanielekeza kwenye ile santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, iliyorushwa pamoja na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977 ikiwa na salamu za lugha 55 kwa viumbe wa huko mbali, aisee nimekuta utamu, salamu ya Kiamoy, cha kusini mwa China, inawauliza kama wameshakula halafu inawakaribisha watutembelee wakipata muda. Basi wangu wanakuja kula! Wanatua kila mmoja na bakuli mkononi, jeshi limewazunguka na mitutu, wao wanauliza tu chakula kiko wapi. Hapo nacheka kila nikisoma. Aliyenipa wazo, Mungu akubariki sana.